Tabia za Watu wa Jiwe

Kitabu nilikikuta ndani ya begi la mtumba, Busia, wakati nikifanya kazi ya kufungua marobota. Kilikuwa cha kanuni za mchezo. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya shujaa wa nchi isiyokuwepo, mmoja anasimulia, na dadu zinaamua nani anavuka mto na nani anazama. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nilikisoma kwa kamusi msimu mzima wa mvua, nikaona naweza kuunda nchi yangu mwenyewe.

Dada mmoja mwenye duka la fotokopi alinipa karatasi zilizoharibika upande mmoja, akanifundisha kupiga mistari ya majedwali. Kwao ni kijiji cha Sop Sop, upande wa Tororo. Jumapili baada ya kanisa tulikaa dukani kwake watu wanne: yeye, mimi, mwendesha bodaboda, na wakala wa kutuma pesa anayevuka kila siku kutoka upande wa Kenya. Dadu zilikuwa za ludo.

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa kuunda makabila. Kitabu kilitaka kila kabila liwe na tabia zake, liongezewe alama hapa, lipunguziwe pale. Watu wa Kinamasi walipumua chini ya maji, ila jua liliwachosha. Wapita Njia walijua lugha zote za sokoni. Hao niliwaunda nikijitazama mwenyewe, na sikuwapunguzia kitu. Watu wa Jiwe waliishi chini ya mwamba kama ule wa Tororo. Niliwapa nguvu nyingi, kisha nikatafuta cha kuwapunguzia.

Siku hizo yule dada alikuwa amenipeleka kwao mara kadhaa. Baba yake alinipa kiti na karanga za kuchemsha, nami nikamwahidi kumfundisha mchezo wangu. Ukimuuliza jambo, alitazama chini, akanyamaza mpaka ukadhani hakusikia. Tukirudi, binti aliniambia kwamba mzee ana kigugumizi tangu utotoni. Walimcheka sana shuleni, akajizoeza kulingoja neno mpaka liwe tayari. Nadhani aliniambia kwa sababu nilikwisha kula kwao.

Nikaandika: Watu wa Jiwe hawajibu upesi. Wakiulizwa, wanapoteza zamu. Akili, toa mbili.

Jumapili iliyofuata wakala akachagua Mtu wa Jiwe. Mimi msimulizi, nikiwa mlinzi wa daraja, nikamuuliza jina. Wakala akainamisha kichwa, akatumbua macho, akafungua na kufunga mdomo kama samaki.

"Wewe, sema basi!" bodaboda akapiga meza. "Mpaka ujibu, daraja imeoza!"

"Subiri, boss, network inatafuta."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana mchezo wangu ulikuwa umepata uhai. Dada hakucheka. Aliivuta karatasi, akaisoma yote, mpaka kwa Wapita Njia.

"Kaka, baba yangu umempa toa mbili?"

"Si baba. Ni mchezo tu."

"Na hawa wako hawana kasoro hata moja."

Akairudisha karatasi mbele yangu, akaanza kufunika mashine kwa kitambaa. Wenzetu hawakuelewa; walidhani amechoka. Neno moja la samahani lingetosha siku ile, au hata kesho yake. Badala yake nilipata kibarua cha kupakia mahindi Malaba, kisha Kitale, kisha kwingine. Kuondoka sikuzote kumekuwa rahisi kwangu.

Niliporudi, miaka miwili baadaye, duka lilikuwa la kinyozi. Nikaenda Sop Sop, nikamkuta mzee peke yake uani, akimenya karanga. Alinijua mara moja. Binti alikuwa anafanya kazi Masafu, akasema, na huja nyumbani Jumamosi. Nikaelewa kwamba mzee hakuambiwa lolote. Binti alikuwa amenitunzia siri vizuri kuliko nilivyomtunzia babaye.

"Ule mchezo," mzee akasema baada ya kimya chake. "Uliahidi... kunifundisha."

Karatasi zilikuwa ndani ya begi langu. Nikamsomea makabila. Akachagua Watu wa Jiwe, kwa sababu mwamba anaujua. Nikamsomea nguvu zao. Mstari uliofuata niliuruka.

Tukacheza juu ya ungo, tukirusha dadu kati ya maganda. Nilipokuwa mlinzi na kumuuliza jina, aliinama, akangoja. Nami nikangoja, na zamu yake sikuichukua. Akavuka daraja, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Niachie hiyo karatasi," akasema. "Jumamosi nitacheza na... binti yangu."

Nikaikunja upesi. Nikamwambia imechafuka, nitaandika nyingine safi nilete kabla ya Jumamosi.

"Haya, mwanangu. Tutangoja."

Ile safi niliianza usiku uleule, Tororo. Wapita Njia niliwapunguzia bila shida. Kasoro zao nazijua. Kwa Watu wa Jiwe niliufuta ule mstari, kisha nikakaa na kalamu nikitafuta tabia nyingine ya kuweka mahali pake. Nilikuwa nimekula kwa mzee yule mara nyingi, nimekaa kwenye kiti chake, na sikuwahi kumuuliza alipenda nini, wala aliwahi kufanya kazi gani, wala alikuwa akimwimbia nini binti yake alipokuwa mdogo. Nilichojua ni kigugumizi tu.

Jumamosi ilipita. Zimepita nyingi tangu hapo. Karatasi ninayo, na jina la kabila lipo juu yake. Chini ya jina bado sijaandika kitu.