Maharimu wa Bi Kheiria

Azzam alianza kutapika kabla boti haijatoka bandarini, na hapo hapo nikajua kwamba tumejiharibia wenyewe. Kati ya wanaume wote wa ukoo tulimchagua huyo awe maharimu wa mama yake baharini, mtu ambaye hata gari ikipinda kona kwa kasi hufungua dirisha.

Mimi ni Hamdiya, na huyo mama mwenyewe, Kheiria, ni rafiki yangu tangu tulipopewa meza moja katika ofisi ya Bandari ya Sultan Qaboos. Miaka thelathini tuliandika majina ya meli: ipi imeingia, ipi imetoka, imebeba nini. Hatukupanda hata moja. Mimi halikuniuma, nilikuwa nataka mshahara wangu na kurudi kwangu. Kheiria lilimuuma. Akishaandika jina la meli inayoondoka alikuwa anasimama dirishani mpaka ipotee, na mkubwa wetu akimkemea humjibu kwamba anahakikisha imeondoka kweli.

Alipostaafu hakupata hata kupumua. Mumewe, Mutasim, aliugua miaka sita, na Kheiria ndiye aliyemlisha, akamwosha, akamgeuza kitandani katika nyumba yao ya Mawaleh. Mutasim akafa, Kheiria akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, hakuvuka kizingiti. Siku moja baada ya hapo akamwendea Khattab, mpwa wa marehemu, ambaye ni nahodha na anafundisha watu kuendesha boti za matanga pale Maskati. Akamwambia, "Nifundishe." Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Khattab alicheka. "Mkaza mjomba, bahari si mchezo."

"Na mimi sikuja kucheza," alimjibu.

Alijifunza kweli, kila Ijumaa asubuhi, mikono ikaota sugu. Sasa, Khattab kila mwaka wakati wa joto hukodi boti Ugiriki akawapeleka watu wa Maskati wiki nzima. Shule inayotoa vyeti huko ina sharti lake: mwanafunzi akae baharini siku saba, na siku mbili za mwisho aendeshe mwenyewe, bandari mpaka bandari. Mwenye cheti hicho hupewa boti ndogo pale Maskati akatoka nayo peke yake. Asiye nacho ni abiria. Kheiria alisema abiria amekwisha kuwa vya kutosha.

Aliyesimama njiani ni wifi yake, Bi Sayyida, dada wa marehemu na mama yake Khattab. Bi Sayyida anakaa Hamriya, lakini kwa kundi la WhatsApp la ukoo anakaa kichwani mwa kila mtu. Alituma sauti ya dakika nne: mwanamke hasafiri bila ya maharimu, yaani mume, au mwanamume asiyeweza kumwoa katu. Khattab si maharimu, maana mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba, akifiwa anaolewa na mpwa. Kwa hiyo Kheiria abaki nyumbani asome Kurani.

"Sheria siikatai," alisema Kheiria, na akamchukua mwanawe wa pekee, Azzam, ambaye hakuwahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Mimi nilikuwa na mume wangu, Hamoud, maharimu halali aliyelala safari nzima.

Siku nne za kwanza sitazieleza. Bahari ya Ugiriki ni nzuri, wazungu hawajatudanganya. Kheiria alifunga kamba, akapandisha tanga, akasoma upepo, na Azzam alikuwa chini na ndoo yake.

Siku ya tano mchana tuliingia kisiwa cha Kithnos. Azzam akashuka, akakaa kwenye jiwe la gati, kichwa baina ya magoti. Ana miaka thelathini na nne, mhandisi, baba wa watoto wawili, na siku hiyo ungempa kumi.

"Mama, siwezi tena," alisema. "Kesho saa nne kuna feri. Nnarudi Maskati, na wewe tunarudi sote."

Kheiria alikuwa anaosha mchele. "Zimebaki siku mbili, Azzam."

"Nnajua, mama. Lakini mimi nikiondoka utabaki na nani? Nshamwambia shangazi kundini. Afadhali usikie mwenyewe."

Alibonyeza simu, na sauti ya Bi Sayyida ikatoka pale gatini mbele ya Wagiriki: "Azzam mwanangu, umefanya la kheri. Mlete mama yako. Nilisema mimi, watu wa bara bahari hawaijui na haya hawana."

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa nje hawezi kujua. Familia ya Bi Sayyida ilirudi Omani kutoka Unguja. Familia ya Kheiria ilirudi kutoka Tabora. Sote ni Waomani, sote tunasema Kiswahili majumbani mwetu, lakini Bi Sayyida anaamini kwamba aliyezaliwa Unguja ni mtu na aliyezaliwa Tabora ni bahati mbaya. Kaka yake alipomwoa Kheiria alikataa kula pilau ya harusi. Nilikuwepo. Nilimwona akisukuma sahani.

Kheiria alimwaga maji ya mchele, akajifuta mikono. Akawatuma Azzam na Khattab wakatafute mkate. Walipopotea akampigia wifi yake, spika wazi, na hakuniambia niondoke.

"Wifi, nimeisikia sauti yako."

"Umeisikia basi uifuate."

"Unasema sina maharimu katika boti hii."

"Si mimi nisemaye. Ni sheria."

"Na wewe unajua kwamba ninaye."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Kheiria," alisema Bi Sayyida, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Usianze."

"Feri inaondoka kesho saa nne. Kabla ya hapo useme wewe mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi."

"Tuliahidiana! Mbele ya mama!"

"Na nimeitunza ahadi miaka thelathini na nne. Umenitukana harusini kwangu, umenitukana msibani kwa mume wangu, sikufungua mdomo. Lakini kunishusha kwenye boti kwa sheria, na wewe ndiye uliyeificha nusu yake? Hapana, wifi. Hili hapana."

Akakata simu. Mimi nilikuwa nimeshika kitunguu na kisu na sijui nilikuwa nataka kukifanya nini.

Ndipo akanieleza. Azzam na Khattab walizaliwa mwezi mmoja, katika nyumba ile ile ya Hamriya, ukoo mzima ukikaa pamoja. Bi Sayyida alishikwa na homa kali baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, na mtoto akakataa chupa. Usiku na mchana analia. Bibi yao akamfunika kwa kanga, akampitisha mlango wa jikoni, akampeleka chumbani kwa Kheiria. Kheiria alimnyonyesha siku kumi na mbili pamoja na Azzam. Maziwa ya mama yake yaliporudi, Bi Sayyida alikuja na sharti moja: asijue mtu. Hakutaka isemwe kwamba mwanawe amelelewa na ziwa la mtu wa bara.

"Kwa hiyo Khattab ni mwanao," nilisema.

"Kwa sheria ile ile anayonipigia," alisema Kheiria. "Mtoto uliyemnyonyesha ni maharimu wako mpaka kufa. Nimekuja na wawili, Hamdiya. Nilipeleka mmoja kutapika bure."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Aliogopa, nami nilimwona. Alikuwa anampenda yule kijana na hakujua atalipokeaje.

Asubuhi tuliangalia simu. Bi Sayyida alikuwa ametuma kundini picha ya mawaridi yenye maneno ya Ijumaa njema. Basi. Saa tatu ikapita, na Azzam alikuwa amefunga begi lake na la mama yake, kayaweka gatini.

"Khattab, kaa," alisema Kheiria. "Na wewe Azzam, kaa."

Akawaambia. Hakuremba, hakulia. Kanga, mlango wa jikoni, siku kumi na mbili, ahadi.

Khattab hakukaa. Alikuwa amesimama na alibaki amesimama. "Nani anajua haya?"

"Mama yako, na bibi yako Mungu amrehemu, na mimi. Na Hamdiya tangu jana."

"Miaka yote nakwita mkaza mjomba! Mjomba amekufa, nimesimama nje ya chumba chako siku za eda kwa sababu si halali nikuone, na mimi ni mwanao?"

"Ndiyo. Hilo ni kosa langu na sitalikataa."

Alichukua simu yake, akaondoka kwa hatua ndefu, akapotea nyuma ya nyumba nyeupe. Azzam alimwangalia akienda, kisha akamwangalia mama yake.

"Kwa hivyo Khattab ndugu yangu."

"Ndugu yako."

Alifikiri kidogo. Akaliinua begi lake, la mama yake akalirudisha ndani ya boti. "Basi abaki yeye," alisema. "Mimi nakufa." Akambusu mama yake kichwani, akapanda feri, na tuliona akikimbilia upande wa ukingo kabla haijang'oa nanga.

Feri iliondoka. Khattab hakurudi. Saa tano, bado. Boti imekodiwa kwa jina lake. Bila yeye haiendi popote, na siku zinahesabiwa. Nikashindwa kunyamaza.

"Shoga, umepoteza vyote. Safari, cheti, na mtoto."

"Nilichosema ni kweli," alijibu. "Akirudi tutaondoka. Asiporudi, nitakaa hapa hapa mpaka arudi. Feri sipandi."

Akachukua simu, akaandika kundini, akanionyesha kabla ya kutuma: *Azzam anarudi, mimi naendelea. Ninaye maharimu, mwanangu Khattab, niliyemnyonyesha mwaka aliozaliwa. Mama yake anayo maelezo.* Akatuma, akaizima simu, akaanza kufungua kifuniko cha tanga kana kwamba nahodha yuko. Hamoud aliamka akauliza kama tumefika.

Khattab alirudi karibu na adhuhuri, macho mekundu. Alisimama gatini, mikono mifukoni.

"Nimempigia. Kalia sana. Kasema ni kweli. Na kasema ukirudi Maskati, mlango wake usiujue."

"Nitaujua," alisema Kheiria. "Fungua kamba ya mbele."

Aliifungua. Aliporuka ndani miguu yake ikampeleka kwenye usukani kwa mazoea, na Kheiria akamwambia, "Toka hapo. Leo ni zamu yangu."

Upepo wa huko wakati wa joto hutoka kaskazini na hauna huruma. Nje ya bandari wimbi la kwanza lilitulowesha sote, boti ikalala ubavu, na Hamoud akapiga shahada kwa sauti. Mkono wa Khattab ulinyoka kuelekea usukani. "Usiguse," alisema Kheiria, mtandio umemganda usoni, meno ameyakaza. Mkono ukarudi. Kheiria alikosea kona moja, tanga likapiga kama mlango wenye hasira, akalisahihisha mwenyewe. Jioni alitufikisha kisiwa cha Kea, na kesho yake akatuingiza Lavrio, taratibu, kati ya boti mbili kubwa, bila kugusa yoyote. Mkaguzi wa Kigiriki, aliyetumwa na shule ya vyeti kutungoja, alimwuliza Khattab kama ni yeye aliyeifunga boti gatini. Khattab akasema, "Ni mama." Lilimtoka tu. Kheiria akainama kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Tulifika Maskati Jumatatu mchana, cheti cha Kheiria kikiwa mkobani mwake. Mawaleh ni karibu na uwanja wa ndege, lakini Kheiria alimwambia Khattab aendeshe mpaka Hamriya. Nikasema na mimi nakwenda. Nisingelikosa hilo kwa lolote.

Bi Sayyida alifungua mlango nusu. Alikuwa amepungua kwa wiki ile moja, au labda sikuwahi kumwangalia vizuri.

"Nilisema usije."

"Niliambiwa." Kheiria akausukuma mlango kwa kiganja, akaingia, akakaa juu ya mito ya sebuleni. Khattab aliingia nyuma yake na hakukaa upande wowote.

"Umenivua nguo mbele ya ukoo mzima," alisema Bi Sayyida. "Simu haijanyamaza. Hata watoto wananiuliza."

"Sikuja kuomba radhi, wifi. Ungenishusha kwenye boti ile ningekuwa na uchungu nawe mpaka kaburini. Sasa sina. Unisute ukitaka, umalize, lakini neno la bara usilitie tena mdomoni mbele ya mtoto huyu."

Bi Sayyida alifungua mdomo. Nilikaa tayari, maana ulimi wake naujua. Akamtazama Khattab, mwanamume mzima, ndevu na jua la Ugiriki usoni, na hakutukana. Alikaa chini kwa shida, akashika pindo la mtandio wake akalikunja na kulikunja.

"Nilikuwa nimelala chumba cha pili," alisema. "Kila alipokuwa akilia nilikuwa nikisikia. Halafu anapelekwa kwako, ananyamaza." Akaliachia pindo. "Siku ya mwanzo, Kheiria. Alilikataa ziwa lako?"

"Hata kidogo," alisema Kheiria. "Alilipokea pale pale."