Harusi Ambayo Haikuwemo Kwenye Filamu

Sijawahi kuwapenda wasimulizi wa filamu, na umri huu nilionao sidhani nitabadilika. Nawazungumzia wale wanaochukua filamu ya watu, iwe ya Wakorea, Wahindi au Wamarekani, wakaipunguza sauti, kisha wakaongea juu yake kwa Kinyarwanda mwanzo hadi mwisho. Hapa Kigali filamu ya namna hiyo tunaiita agasobanuye. Msimulizi hanyamazi hata kidogo. Mwigizaji akitulia kufikiri, yeye anaingiza utani wa mama mkwe. Kijana wa Kikorea anapewa jina la Kinyarwanda na kuhamishiwa mtaani kwetu Kimironko. Na kabla filamu yenyewe haijataka ujue lolote, ameshakwambia kwamba huyo mwenye koti jekundu na kovu shavuni ndiye muuaji, mtazame vizuri, anaingia kwa mlango wa nyuma.

Mimi ni mtu wa filamu. Ofisini kwetu Kacyiru, Jumatatu saa nne, chai ikishamiminwa, wenzangu hunigeukia waniulize nimetazama nini. Nawatajia, nawaeleza kwa nini, na hapo naanza kuumia, kwa sababu watu wa ofisini kwetu wanapenda kupendekezewa kuliko kutazama. Kuna mmoja ananijibu "nitaitazama wikiendi" kwa mwaka wa pili sasa. Mwingine aliitazama huku anapiga pasi, akarudi kuniambia haikumgusa. Haikumgusa! Alikuwa ameigeuzia mgongo.

Lakini hao ni watu baki. Aliyekuwa akinikera hasa ni mama yangu mzazi.

Mama anaishi Kanombe, peke yake, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba alipokuwa akifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Sisi tulikulia ukimbizini Karagwe, ng'ambo ya mpaka, ndiyo maana hadi leo nyumbani tunaongea Kiswahili na kuamkiana shikamoo, majirani wakitushangaa. Mama hana habari na filamu yoyote isiyokuwa na msimulizi. Kila Alhamisi alikuwa akinipigia simu kunipendekezea moja. Majina ya filamu hayajui, anazijua kwa msimulizi: ile ya yule mwenye sauti ya mafua, ile ya yule anayecheka kabla ya kusema. Kisha ananihadithia yote. Nani alivaa nini, gari lilikuwa la rangi gani, damu ilitapakaa mpaka wapi. Nilikuwa naweka simu mezani, naendelea na kazi zangu, nikirudi namkuta bado yuko kwenye gari la bluu.

Mwaka jana mkono wa blauzi yake ulishika moto akiwa anaonja maharage jikoni. Hakuungua sana. Ila kaka yangu, anayeishi Kibagabaga na ambaye tangu utotoni huamua mambo kwanza kisha ndiyo anatuuliza, alitangaza kwamba Mama haoni vizuri tena, na kwamba mwisho wa mwezi anamhamishia kwake. Kuna chumba nyuma, karibu na pa kufulia. Nyumba ya Kanombe itapangishwa. Mama alimwambia wazi kwamba hatoki. Kaka akasema tutaona.

Nikamtetea Mama kwa ukali wote nilionao. Nilimwambia kaka kwamba mwanamke anayeweza kukuhadithia filamu ya saa mbili na kukutajia rangi ya viatu vya jambazi hana tatizo la macho. Nilisema hivyo mara nyingi sana, kwenye simu na kwenye kikao cha familia, kwa majivuno.

Katika siku hizo ndipo nilipotazama filamu moja iliyonigusa. Mzee na mkewe wanaishi mlimani katika nchi ya baridi, wanajenga ukuta wa mawe kuzunguka shamba lao. Karibu hawasemeshani kabisa. Mke anaugua, ukuta unaendelea, mke anakufa, kijiji kizima kinapanda mlima kumzika. Nililia mpaka nikaaibika. Nikaamua Mama lazima aitazame. Nilitaka angalau mara moja kabla hajafa aone filamu inavyokuwa mtu akiiacha ijisemee. Nikaiweka kwenye flashi, nikampelekea.

"Nani anasimulia?" akaniuliza, ameishika flashi kwa vidole viwili.

"Hakuna. Hii haina msimulizi."

"Sasa tutajuaje?"

"Kwa macho, Mama. Hawaongei sana. Utaona tu."

Akasema sawa. Alhamisi nilipompigia, akaniambia ameitazama, ni nzuri sana, ina utulivu. Akasema mzee yule ni mtu wa kazi. Nilivimba kichwa. Jumatatu ofisini niliwasimulia kwamba mama yangu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, ameielewa filamu ambayo wao wenye shahada zao wameshindwa kuimaliza.

Jumamosi iliyofuata nilipitia kwa fundi cherehani wa Mama. Ni jirani yake, Mwislamu, mjane kama yeye, na ndiye anayepashana naye habari za filamu kuliko mtu yeyote. Nilikwenda kuchukua gauni. Akaniambia, huku anakata uzi kwa meno, kwamba Mama amemshauri atafute ile filamu yangu.

"Ile filme yenye ulimuletea Mama iko nzuri, ameniereza yote," akasema. "Kumbe yule mzee mwishoni anaoa. Harusi kubwa, watu wote wanapanda mulima wanaimba."

Nikamwambia hakuna harusi. Akashikilia kwamba iko, Mama mwenyewe ndiye aliyemweleza, bibi harusi na kila kitu. Sikubishana naye. Nilichukua gauni langu bila hata kulijaribu, nikavuka barabara nikiwa nimeuma meno.

Naomba nieleweke. Sikuwaza macho. Nilichowaza ni kwamba mama yangu alilala usingizi mbele ya filamu yangu, au hakuiwasha kabisa, kisha akanidanganya ili nimwache na wasimulizi wake. Mimi niliyemsikiliza miaka yote hiyo, magari ya bluu, makoti mekundu, sikustahili saa moja na nusu ya kweli. Nilimkuta sebuleni, sauti ya redio iko chini, anachambua kunde kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, na hapohapo nikaanza.

Nilisema mengi, mengine siyarudii. Nilimwambia kwamba afadhali angeniambia haipendi. Kwamba ni dharau kumpendekezea jirani kitu ambacho hujakitazama. Kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kukosea mazishi akaona harusi, kwa sababu jeneza limo pale kwenye kioo, jeusi, limebebwa na watu sita, linapita taratibu mpaka unachoka kulitazama.

Mama alikuwa ameacha kuchambua kunde.

"Lilikuwepo jeneza?" akauliza.

"Lilikuwepo, Mama. Dakika kumi nzima."

"Mimi nilisikia kengele," akasema. "Na watu wengi wakiimba vizuri. Nikajua ni harusi."

Ningependa kuandika kwamba nilielewa papo hapo. Sikuelewa. Nilifungua mdomo niendelee kugomba, na maneno yalikuwa tayari, ndipo nikauona mkono wake unautafuta ukingo wa ungo, unapapasa, unaupata, unausogeza usianguke. Macho yake yalikuwa yameelekea kwangu, lakini juu kidogo, kwenye paji la uso wangu. Nikahama kimya kimya hatua mbili upande wa kushoto. Macho yakabaki palepale.

Basi nikamkasirikia upya, na safari hii kwa haki. Nilimuuliza tangu lini. Akasema jicho la kulia ni zamani, la kushoto lilianza kufifia mwaka wa kwanza wa korona, na sasa anaona mwanga wa dirisha na vivuli, basi. Daktari alimwambia ni presha ya macho, amechelewa. Nani alimpeleka kwa daktari? Fundi cherehani. Fundi alijua Mama ni mgonjwa wa macho, ila hata yeye hakujua ni kiasi gani. Zile rangi zote, yale makoti na viatu, alikuwa akiambiwa na msimulizi. Yule mpuuzi asiyenyamaza ndiye aliyekuwa akimwonyesha filamu, na mimi kwa ujuzi wangu nilimpelekea mama yangu kipofu picha tupu, nikamwambia utaona tu.

Nililia kwa hasira. Nilimwambia ametufanya wajinga, ametuacha tumtetee kwa uongo, na kwamba siku ile ya blauzi angeungua akafa. Akaniacha nimalize.

"Humu ndani najua kila mlango kwa mkono," akasema. "Bomba, kitanda, sukari, picha ya baba yenu ilipo. Kule kwa kaka yako nitajua nini? Nitakaa kwenye kiti mpaka mtu aje kuniondoa. Usimwambie."

Sikumwahidi. Nilimpa masharti kama mtu anayepatana bei sokoni: hagusi jiko tena, fundi atamletea chakula cha mchana na jioni, na mwezi ujao tunakwenda pamoja kwa daktari wa macho, mimi na yeye, bila ubishi. Akakubali yote haraka haraka, jambo ambalo si tabia yake. Ndipo nikajua jinsi alivyoogopa.

Kaka naye hakulala. Alipiga simu kusema anakuja Jumapili baada ya ibada, na atakuja na filamu. Alisema kwa kuwa mimi nimefanya filamu kuwa cheti cha daktari, basi tutatazama wote watatu, filamu ya kawaida ya Kiingereza isiyo na kelele za wale wasimulizi, halafu Mama atatueleza alichokiona. Alikuwa anacheka, lakini namjua kaka yangu. Nilipompa Mama habari hiyo aliniambia nikae karibu naye na niongee.

Jumapili mchana tukakaa. Kaka kwenye kochi la baba, mimi na Mama kwenye kochi refu, pazia limefungwa. Filamu ilikuwa ya mambo ya wizi wa benki. Nikaanza.

"Huyu mwenye shati la kijani anaingia benki," nikasema. "Ona, amebeba begi la mtoto. Mlinzi ana ndevu nyeupe, anamtazama."

Kaka akageuka kunitazama. Nikaendelea. Nilisema mwanamke wa kaunta amevaa miwani, amefunga kitambaa cha njano, mkono unamtetemeka. Nilisema gari nje ni jeupe na lina alama ya kugongwa mlangoni. Nikajisikia natia chumvi. Nilimwambia Mama kwamba dereva anafanana na mjomba wake mmoja wa Karagwe, akacheka kweli, kicheko cha tumboni, na mimi nikanogewa. Nilikuwa naongea juu ya waigizaji waliolipwa fedha nyingi ili wanyamaze, wala sikujali.

"Kwani umekuwa nani leo?" kaka akasema. "Tuna macho."

Nikapunguza sauti. Akanikemea tena. Mara ya tatu aliisimamisha filamu, akaniambia kama siwezi kunyamaza nitoke nje, kwa sababu amekuja kumtazama Mama anavyofuata, hakuja kunisikiliza mimi. Ningemjibu nini? Nikanyamaza.

Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini. Kwenye kioo watu walikimbia, walipigana, wakasema maneno ya Kiingereza ambayo Mama hayajui. Sikutazama. Nilimtazama yeye. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, uso umeelekea televisheni lakini umepita pembeni kidogo, pale kwenye ukuta penye kalenda. Kaka alipocheka, naye alicheka, nukta moja nyuma yake. Kaka alipoguna, naye aliguna. Dakika ishirini zote. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi ngumu namna ile, na niliona hasira: kwamba bibi mzima, aliyetulea katika ukimbizi na kuturudisha salama, anafanyiwa mtihani sebuleni kwake.

Filamu ikaisha. Kaka akamuuliza imekuwaje. Mama akamweleza shati la kijani, begi la mtoto, ndevu za mlinzi, kitambaa cha njano, gari lililogongwa mlangoni. Kisha akasema mwisho umempendeza ila umekwenda haraka. Kaka akaitikia kwa kichwa. Aliniambia mlangoni kwamba anaona Mama yuko sawa kuliko alivyodhani, suala la kuhama tuliache kwanza, lakini mimi nijiangalie, nimekuwa na mdomo mwingi. Nikamwitikia ndiyo kaka. Akaondoka na gari lake.

Nilirudi ndani nikafungua pazia. Mama alikuwa bado amekaa vilevile, amechoka, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Haya, niambie," akasema. "Yule wa shati la kijani walimkamata?"

Nikamwambia sijui.

"Hujui vipi? Si ulikuwa unatazama?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, Mama."

Akasonya, akaanza kutafuta ndala zake kwa mguu.

"Kazi nimekupa moja tu," akasema, "nayo imekushinda."