Mzee Ndolo na Amani ya Maziwa

Mjomba wangu Ndolo alirudi kutoka vita vya Burma akiwa na sikio moja linalosikia na mpango wa kumaliza vita duniani. La sikio hakulisema. Mpango alimmwagia kila mteja aliyeingia duka lake mjini Sultan Hamud kutafuta chumvi, na wengine waliamua heri kula mboga bila chumvi.

Alisikia kwamba mataifa makubwa yamejenga nyumba ya kuzungumzia amani huko Amerika. Hakuibeza, lakini haikumtosha.

"Hao wanaandikiana karatasi tu," alisema. "Karatasi haina mama."

Nyanyake alikuwa amemsimulia kwamba zamani, Wakamba na Wamaasai walipochoka kuuana, mama wa huku alimnyonyesha mtoto wa kule, na wa kule akamnyonyesha wa huku. Nani tena angemwinulia mkuki ndugu wa ziwa moja? Basi wake za wakubwa wa Urusi na Amerika wafanye vivyo hivyo. Wazee wa kanisa walimsikiliza kwa heshima, halafu wakatangaza wimbo.

Mwaka mmoja baada ya uhuru, ng'ombe waliibwa mpakani mwetu na Wamaasai, na watu wakafa pande zote mbili. Mmoja wao alikuwa Nzioka, mume wa Mutindi, binti wa mjomba; alimwacha na mtoto wa kunyonya. Mkutano wa amani ukaitwa sokoni. Watu walilaumiana hadi jua likawachoma, bila kufika popote. Ndipo mjomba akasimama, akatoa mpango wake, na safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa Kimaasai alisema hata kwao jambo hilo linajulikana. Akamwita mke wa mwanawe, aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Huyu ni wetu," akamwambia mjomba. "Wako ni nani?"

Kina mama wa upande wetu waliokuja walikuwa wachache, na mwenye mtoto mchanga alikuwa Mutindi peke yake. Mjomba, mwenye jibu la Urusi na Amerika, alishindwa hata kumtazama binti yake. Nilimhurumia, na pia nilimkasirikia.

Mutindi alisimama mwenyewe.

"Baba, hii amani umeongea miaka mingi. Hujawahi kuniuliza kama maziwa iko."

"Ukikataa, mwanangu, mimi nitanyamaza."

"Halafu hawa watoto wakikua wauane?"

Akampokea mtoto wa yule mama, akampa mama huyo wa kwake. Alimnyonyesha huku analia, bila kuficha uso, na mtoto alinyonya hadi akalala.

Ng'ombe waliendelea kupotea mara mojamoja, ila sasa walitafutwa kwa mazungumzo. Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Redio ilipotangaza vita vipya mahali fulani, wateja walimchokoza awaeleze tena mpango wake wa dunia. Yeye aliendelea kupima chumvi.

"Muulizeni Mutindi," alisema. "Mimi nilitoa maneno tu."