Biharusi wa Mkono Mmoja

Mie napaka maharusi hina hapa Mji Mkongwe. Daktari kaniambia nna ADHD, yaani si mpuuzi, ila kila jambo jipya hulifukuza la zamani kichwani mwangu. Nikafurahi kweli kusikia si mpuuzi!

Juzi nshampaka biharusi mkono wa kulia, nikatoka mara moja kufuata ndimu za kukolezea hina. Simu nikaiacha kwao. Njiani nikamkuta jirani anachagua kanga, nikamsaidia weee, kisha nikenda zangu kulala.

Kesho yake, harusini, biharusi akaingia na mkono wa kushoto mtupu. Nikamaka kwa sauti: "Jamani! Mpaka hina gani huyu asiye na haya?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mamake biharusi akanikabidhi simu yangu.

"Ndimu tulinunua wenyewe, Bi Saumu."