Dobi wa Makapera

Wakili alipouliza mgonjwa alikuwa idara gani kiwandani, sote tulimtazama baba. Baba ndiye aliyefunga asbesto kwenye mabomba ya mvuke mpaka akastaafu. Lakini baba ni mzima, hata mafua hana. Mwenye saratani ya utando wa mapafu ni mama, na mama hajawahi kuvuka geti la kiwanda.

"Mimi nilikuwa nafua tu," mama alisema huku akihema.

Kufua tu! Mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni. Kila jioni alipokea ovaroli ya baba mlangoni, akaikung'uta uani mpaka vumbi jeupe la asbesto likamkaa kwenye nyusi, ndipo akailoweka. Sisi watoto tulimtania kwamba ameota mvi za ghafla.

Wakili alisema aliyeugua kwa vumbi lililoletwa nyumbani anaweza kudai fidia, hata kama hakuajiriwa. Kikwazo kilikuwa kimoja: kiwanda kilijitetea kwamba kilikuwa na dobi wa bure, na baba alimkataa mwenyewe.

Mama akamgeukia baba. "Kulikuwa na dobi?"

Beseni lile, mikono ile iliyochubuka, kumbe kulikuwa na dobi!

"Alikuwa dobi wa makapera," baba alisema kwa sauti ya chini. "Ukimpelekea nguo, wenzako wanakucheka kwamba huna mke. Na mimi mke wangu alikuwa anawashinda wote kwa kufua."

"Nani alisema ni wa makapera?" wakili aliuliza.

"Msimamizi wetu. Siku ya kwanza kabisa alituambia, 'Wenye wake, bebeni zenu nyumbani.' Tukacheka."

"Alitaja hatari ya vumbi?"

"Hakuna aliyetaja vumbi. Hata siku moja."

Wakili alishusha pumzi. Kama baba atayasema hayo mahakamani, alisema, na wenzake wakamuunga mkono, utetezi wa kiwanda hauna mashiko.

Machozi yalimlengalenga baba. "Nisimame mbele za watu niseme nimembebea mke wangu kifo mikononi? Siwezi."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia.

Mama alisubiri pumzi imrudie, kisha akamshika mkono.

"Utasema, baba watoto. Na shati la kwenda nalo mahakamani, safari hii peleka kwa dobi."