Siku Saisi Alipomtembeza Mama

Jumamosi, nafikiri ni tarehe saba Februari. Asubuhi upepo ulijaza vumbi Riyadh nzima, hata nguo nilizoanika nikalazimika kuzifua tena. Baada ya adhuhuri ukatulia, na baridi ikaanza kuuma masikio.

Leo baba mwenye nyumba ninayofanyia kazi na mkewe, madam, walitupeleka kwenye mbio za farasi. Nasema walitupeleka, lakini kwa haki waliwapeleka watoto, na watoto wanahitaji mtu wa kubeba majaketi na chupa za maji. Kabla ya kila mbio farasi huzungushwa kwanza kwenye kiwanja kidogo, kila mmoja na mtu wake wa kumshika, ili watu wawatazame na kukisia nani atashinda. Kamari hapa ni haramu, kwa hiyo mtu huchagua kwenye simu bila kuweka chochote, na akipatia huenda akapata zawadi. Mtoto mkubwa wa madam akanisogezea simu usoni. "Yalla, na wewe chagua." Nikautazama mguu wa nyuma wa farasi wa kwanza, na moyo ukanirudi Karantina, mtaa wa utoto wangu. Nikamwambia achague yeye, mimi sijui farasi.

Nawe rafiki yangu nikuambie mapema kwamba shule niliachia darasa la sita, na haya niliyaona nikiwa mtoto mdogo. Mengine huenda nimeyachanganya. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Nilizaliwa Jeddah. Mama alitoka Mombasa kuja kufanya kazi za nyumbani, akamwacha kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, kabla mimi sijazaliwa, kwa sababu ambazo hakuwahi kunieleza. Kwa hiyo yeye hakuwa na ikama, kile kibali cha kuishi nchini, na mimi sikuwa na karatasi yoyote duniani. Tulikaa chumba kimoja ghorofani huko Karantina, na jiko lilikuwa ni la watu wote, pale kwenye ujia. Asubuhi ujia ule ulinuka maharagwe ya ful, mchana mafuta ya sambusa, na siku zote ulinuka mtaro. Kazi yangu ilikuwa kuchagua dengu na kulinda ndoo zetu gari la maji likija. Mama alikwenda Al-Safa kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya watu, akarudi alasiri mikono imechunwa na dawa ya kufulia. Nilipenda harufu ile. Mpaka leo nikifungua chupa ya dawa hiyo husimama kidogo.

Chumba cha mwisho alikaa Mkenya wa bara tuliyemwita Saisi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza farasi, kwanza kwao, kisha Riyadh. Farasi alimpiga teke la nyonga, akawa anachechemea, na kazi ikaisha. Yeye alisema bosi wake alimfukuza kama paka aliyekojoa mkekani. Upande wa bosi sikuusikia, naandika alichosema tu.

Wikendi za msimu wa baridi tulijazana chumbani kwa mama wa sambusa, jirani yetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na televisheni. Mbio za Riyadh zilionyeshwa moja kwa moja. Hatukuweka kitu, lakini kila chumba kilichagua farasi wake, na chumba ambacho farasi wake alitoka wa nyuma kabisa kiliwapandishia ngazi wengine wote maji yao. Ngazi zenyewe zilikuwa nyembamba na zimevunjika kingo, basi uchaguzi haukuwa mchezo.

Saisi ndiye aliyetufundisha kutazama. Usitazame jina, alisema, wala usitazame nguo za mpandaji. Tazama kama unyayo wa nyuma unatua kupita alama ya ule wa mbele, hapo mwendo uko huru. Tazama masikio. Tazama jasho: likiwa shingoni si neno, likiwa povu jeupe katikati ya mapaja, huyo mbio zake amezimaliza kwa woga kabla hazijaanza. Na alikuwa na neno alilolirudia mpaka tukalisema naye: "Farasi hadanganyi. Anayemshika ndiye hudanganya."

Ukihadithiwa habari za mtu kama huyu utaambiwa hakukosea hata siku moja. Saisi alikosea sana. Nafikiri alikosea kuliko alivyopatia, hasa akitokea farasi wa zizi lake la zamani. Hapo macho yote yalimpotea. "Huyu nimemlisha mama yake kwa mkono huu," alikuwa akisema, na sisi wote tukajua maji atabeba nani. Mama wa sambusa alichagua kwa rangi ya nguo za mpandaji, akawa anamshinda.

"Saisi, farasi wako bado yuko njiani. Tumwekee chakula?"

"Cheka tu, mama. Wewe unachagua kama unanunua kanga."

"Na kanga yangu imefika."

Mama yangu alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Baadaye nilikuja kujua kwamba si kicheko peke yake kilichomfanya ashike ukuta.

Msimu ule miguu ilianza kumvimba, na pumzi ikawa inamkatikia ngazini. Hospitali tuliiogopa. Watu walisema mtu asiye na ikama akiingia hatoki ila kwa gari la polisi. Sijui kama ilikuwa kweli kwa kila hospitali, ila sisi tuliamini hivyo. Njia iliyokuwepo ni darajani. Wakati ule waliotaka kurudi kwao bila karatasi walikwenda kukaa chini ya daraja, na watoto wao na mabegi yao, mpaka serikali ije iwachukue iwarudishe. Wengine walikaa siku nyingi kwenye joto na moshi wa magari. Mama wa sambusa alimsihi aende mara moja, angali na nguvu za kukaa chini, akatibiwe Mombasa.

Mama alitaka kungoja Idi. Bosi wa Al-Safa alikuwa amemwahidi kwamba Ramadhani ikiisha ataongea na mtu, mimi nipate karatasi ya kuzaliwa, niingie shule. Sijui kama angefanya hivyo. Huenda angefanya. Mama aliamini, na kwa ajili yangu aliona wiki hizo chache si kitu, mradi mwili umfikishe.

Basi siku moja alasiri, mbio zimekwisha na watu wamo bado chumbani, mama akasema, "Saisi, wewe unajua kutazama. Nitazame mimi. Nitafika Idi?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Saisi akatoka, akasimama mwisho wa ujia, akamwambia atembee mpaka mlango wa jiko, ageuke, arudi. Mama akajifunga leso vizuri kiunoni na kutembea. Mtu mmoja akapiga mluzi kama wanavyofanya zizini. Aliporudi, Saisi akamwambia atembee tena, kwa haraka kidogo.

Mama wa sambusa hakutaka kutazama. "Saisi, huyu si farasi wa bosi wako. Huyu ana mapafu."

"Na farasi ana nini, matenga? Nimeulizwa macho, mama. Udaktari sikuulizwa."

"Basi sema ulichoona."

Saisi akajiegemeza ukutani. Kisha akasema, "Mwendo uko huru. Atafika."

Mama alinishika mkono tukarudi chumbani, na usiku ule alikuwa na raha, akaniimbia. Darajani hatukwenda.

Mama hakufika Idi. Ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Alianguka kwenye ngazi za ile nyumba ya Al-Safa, amebeba zulia lililolowa. Niwe mkweli, madam wa pale hakumtupa. Alipanda naye nyuma ya gari, akampakata kichwa, na hospitali ilimpokea bila kumuuliza ikama. Ila alikuwa amechelewa. Alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Saisi, kwa kuwa ni Mkristo, alibaki nje ya lango la makaburi, amesimama upande wa jua. Nilipotoka akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Nilitazama miguu, mwanangu," akasema. "Miguu ilikuwa mizima."

Baada ya hapo hakuchagua tena. Alikuja, akatazama mbio, na kila wikendi akajitolea kubeba maji bila kuombwa. Mama wa sambusa hakumtania tena, na nafikiri hilo lilimuumiza kuliko kutukanwa. Haukupita muda mama wa sambusa akafunga sufuria zake, akanipeleka darajani akasema mimi ni mwanawe, tukarudishwa Kenya pamoja. Alinikabidhi kwa bibi yangu mlangoni na hakukubali hata chai. Saisi alibaki. Habari zake sikuzipata tena, hata nilipokuja huku Riyadh ukubwani kufanya kazi za nyumbani kama mama.

Nimemfikiria mtu huyu miaka mingi, na sijui nimhukumu vipi. Siku ile mimi nilisimama karibu na mlango wa jiko. Nilimwona mama anavuta pumzi kabla ya kuanza kutembea na kuizuia ndani, kidevu juu, mpaka alipogeuka. Saisi alikuwa upande wa pili, huenda hakuona. Tena nakumbuka, ingawa hili sina hakika nalo, kwamba mara ya pili hakutazama miguu. Alimtazama usoni. Na uso wa mama ulikuwa unaomba jibu moja tu. Mama siku ile alikuwa ndiye farasi na ndiye amshikaye. Labda Saisi alidanganywa. Labda aliona kila kitu, akashindwa kumnyima. Yote mawili yanawezekana, na kwa lolote kati ya hayo siwezi kumchukia, ingawa nimejaribu.

Ile nyumba ya Karantina naambiwa imebomolewa pamoja na mtaa wake, pamebaki uwanja wa kifusi. Hakuna tena ujia wa kumtembezea mtu. Hata watu wake siwezi kuwataja wote, wengine nawakumbuka kwa sauti tu, yule wa kukohoa alfajiri, yule wa kuita gari la maji. Kule kwenye mbio leo kulikuwa na vioo vikubwa na kahawa ya kila namna, na kila aliyechagua farasi aliposhindwa alicheka na kuchagua mwingine.

Tuliporudi nyumbani hapa mtaa wa Murabba nilimkuta mpishi, dada mwenzangu wa kazi, mtu wa Kakamega, amekaa juu ya gunia la mchele, amejishika ubavu, jasho limemtoka na baridi yote hii.

"Ni gesi tu," akasema. "Si nakaa poa? Hebu niangalie." Akainuka, akaenda mpaka kwenye sinki, akarudi, ametabasamu.

"Mimi simwangalii mtu," nikamwambia.

"Ai, dada. Sema tu niko sawa. Madam akijua ataniona mgonjwa, wanirudishe."

Nilikwenda kwa madam, alikuwa bado anavua abaya. Akasema bukra, kesho, leo wote wamechoka. Sikuondoka. Nikarudia, kisha nikabaki nimesimama mlangoni mpaka akamwita baba. Mpishi alipopita kwenda kwenye gari, ikama yake mkononi, hakunitazama. "Umenichoma," akasema kwa sauti ya chini. Baba amepiga simu kusema wamemlaza na wanamchunguza, zaidi ya hapo hakuna anayejua. Ikiwa kweli ni gesi atanisema mwaka mzima, na atakuwa na haki.

Jikoni nikabaki peke yangu. Tulikula wali nilioupika mimi, umeungua chini, na mayai ya kukaanga na mtindi.  Watoto waliomba sosi ya nyanya, nikawapa.