Kitambi na Suti ya Kuzamia

Wanaume wa Maskati hatujui ukubwa wetu. Vipimo vyetu vinakaa kwenye daftari la fundi, na fundi wangu wa Ruwi ananishonea kanzu tangu nilipokuwa karani mpya wizarani. Kila Idi ikikaribia nampigia simu namwambia, "Kama ya mwaka jana." Naye kila mwaka anaongeza kidogo tumboni na hasemi kitu. Mimi naivaa, inanikaa vizuri, najisifu kwamba sijabadilika. Kwa miaka zaidi ya thelathini tumeheshimiana hivyo.

Aliyeivuruga heshima hiyo ni binti yangu wa mwisho. Kazi yake ni kuwazamisha watalii baharini, na siku asizokuwa na watalii huenda kukata nyavu zilizotupwa na wavuvi zikanasa kwenye matumbawe. Kuna mwamba mmoja ameushughulikia kwa miaka mitatu, kwa mkono, kipande kwa kipande. Mimi baba yake nilikosa mahafali yake mawili kwa sababu ya vikao ambavyo leo sikumbuki vilikuwa vya nini, na kazi yake sikuwahi kuiona hata siku moja. Nilipostaafu aliniomba kitu kimoja tu: nishuke naye nikauone mwamba wake kabla hajaondoka. Alikuwa amepata kazi Ulaya, na safari ilikuwa mwisho wa Agosti. Nikamwahidi, tena kwa kiapo.

Mimi na mke wangu tukasoma mafunzo yote, bwawani kwanza, halafu ufukweni. Tulivaa suti nyembamba za kukodi, ambazo zilikuwa zimevutwa na matumbo ya kila taifa mpaka zikawa hazimkatai mtu. Ulipokaribia mzamo wenyewe binti akatwambia tununue suti zetu, nene, za milimita tano.

"Za nini?" nikamcheka. "Agosti hii, bahari yenyewe supu!"

"Supu iko juu, Baba. Chini kuna maji ya baridi yanapanda kutoka kwenye kina. Wallahi utatetemeka. Na suti lazima ikukae sawasawa. Yale maji kidogo yanayoingia mwanzo, mwili unayapasha moto, yanabaki hapo hapo. Yakipata njia ya kuingia na kutoka, khalas, umevaa pambo."

Nilimsikiliza kama nilivyokuwa nikiwasikiliza wataalamu wizarani, yaani kwa kuitikia kwa kichwa tu.

Dukani tulipokewa na msichana wa Kikenya, mchangamfu, mwenye jicho la kupima watu. Aliniangalia mara moja tu.

"Mzee, wewe nitakupea dabo eksi-eli. Hizi huwa zinashika mwili."

"Nna miaka thelathini navaa laji," nikamwambia. Ulikuwa uongo mtupu. Kwa miaka thelathini sikuvaa nguo yoyote yenye lebo isipokuwa fulana za ndani, na hizo hununuliwa na mke wangu, ambaye huzikata lebo kwa huruma. Msichana akasema basi nijaribu. Nikamjibu kwamba mwanamume hajaribu nguo dukani. Sijui hekima hiyo niliitoa wapi.

Mke wangu, kwa upande wake, hakuwa na haya hata kidogo. "Mwanangu, nipe ile kubwa, na kama ipo kubwa kuliko hiyo nioneshe." Akaingia nazo zote mbili chumba cha kujaribia, akatoka na moja, juu yake kavaa shati refu. Akainua mikono, akachuchumaa, akavuta pumzi mpaka mwisho, akasema hii hii. Nilimwonea haya. Naandika haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yananipendeza.

Nyumbani Mawaleh suti yangu ilipanda mpaka kiunoni, ikagoma. Tukawasha kiyoyozi, tukapaka maji ya sabuni, mke wangu akaweka goti mgongoni mwangu akavuta zipu kama anafunga gunia. Ilifika nusu.

"Irudishe, bwana. Bado ina karatasi zake."

Kuirudisha maana yake ni kusimama tena mbele ya yule msichana. Nikasema itavutika yenyewe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akaenda kutazama wali wake.

Mimi nikaenda Ruwi. Fundi wangu aliigeuza ile suti, akaibonyeza kwa dole gumba, akaniambia kwa Kiarabu chake cha sokoni kwamba hiki si kitambaa, ni mpira, akiutoboa hauzibiki. Nikamwambia aongeze kipande huku na huku, kama anavyoongeza siku zote. Hapo ndipo nilipokiri kwa mara ya kwanza kwamba nilikuwa najua. Akaguna, akapasua ubavu wote wa kulia na wa kushoto, akatia vitambaa vinavyovutika, vyeusi, akashona mishono miwili miwili iliyonyooka. Nilipoivaa ikaingia. Nikajitazama kwenye kioo nikasema mashallah.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimefika umri ambao wakuu ndio hao hao watoto.

Siku ya mzamo nilivaa fulana juu ya suti, nikasingizia jua. Tulishuka wanne kutoka chomboni: binti mbele, mama yake, mimi, na kijana anayefanya kazi na binti nyuma yetu. Juu kulikuwa raha. Kisha tukaingia kwenye maji yale aliyoyasema, na baridi ikapita katika kila tundu la sindano ya fundi wangu, ikaingia ubavu huu ikatokea ule. Meno yakaanza kugongana kwenye kidude cha kupumulia. Nikawa natweta. Binti akageuka, akanisogelea, akainua fulana yangu. Akaupitia mshono kwa kidole, polepole, mpaka mwisho.

Chini ya maji kidole gumba kikiinuliwa si sifa, ni amri ya kupanda. Akakiinua. Nikatikisa kichwa, nikaonesha chini, kulikokuwa na mwamba wake. Akakiinua tena. Mwenzake akanishika mkono kunipandisha, binti akamshika mama yake, wakashuka.

Nikakaa chomboni na taulo mbili, jua la Agosti utosini, natetemeka. Nilimwonea wivu mke wangu, wivu wa kweli, wa kuumiza. Binti alikuwa anasafiri keshokutwa. Na kubwa lililokuwa limenizuia kuuona mwamba wake lilikuwa eksi mbili kwenye lebo.

Walipoibuka walikuwa wanacheka, wanakatizana maneno. "Na yule mwenye madoadoa!" "Umemuona, Mama, alivyokutolea macho!" Wakaniona, kila mmoja akashughulika na mikanda yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Majibu nilikuwa nayo tayari. Binti hakunilaumu. Alikaa mbele yangu akaniuliza kama nimepata joto. Nikamwambia anieleze, mwamba wake ukoje.

Akanieleza. Urefu wake, kina chake, samaki gani wanakaa upande gani, wavu wa mwisho aliutoa lini. Alisema taratibu, kwa tabasamu, kwa sauti anayotumia kila siku na watalii, na alipomaliza akaniuliza kama nna swali lolote.